Kitambaa Kisichokamuliwa

Jambo la kwanza utakaloliona ukimtazama mkaza mjomba wangu akichuja kahawa ni kwamba hakamui. Amefunga kitambaa cha melimeli mdomoni mwa jagi, amekizungushia uzi, amemimina kahawa pamoja na machicha yake, kisha ameondoka. Amekwenda uani kuwatupia kuku mtama, amerudi akatazama, akaondoka tena. Matone yanaanguka moja moja. Mimi nimekaa pembeni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na mkono unaniwasha. Nataka kukishika kile kitambaa, nikipige msokoto mmoja tu, kilichobaki kishuke tumalize kazi.

"Wacha, mwanangu," ananiambia bila kugeuka. "Hilo si tui."

Anayesema hivyo ni mtu aliyekamua tui tangu hajaolewa. Vidole vyake vinajua kuminya machicha ya nazi mpaka yawe makavu kama pumba za mbao, kwa sababu utamu wa nazi uko kwenye kukamuliwa. Kahawa ni kinyume chake. Kilicho kizuri kinashuka chenyewe, na kinachongoja kukamuliwa ni vumbi la buni na uchungu wa mwisho, ule unaokaa nyuma ya ulimi hadi magharibi. Mkono uliozoea kukamua ukajifunza kutokamua, huo ndio mkono niliokuja kuutazama.

Kinachotengenezwa hapa, katika jiko la nyumba moja ya Shela, Malindi, ni kahawa ya barafu yenye ukwaju. Msimu wa maembe, ukwaju hupumzika na embe likachukua zamu. Si kinywaji cha asili, wala mwenyewe hadai kwamba bibi yake alikinywa. Kahawa ya mji huu inayojulikana ni kahawa tungu, ile ya dele la shaba juu ya makaa, tangawizi na iliki ndani yake, inayonywewa barazani kwa vikombe vidogo pamoja na kashata au tende. Hiyo ni ya moto, na wazee huinywa ya moto hata katikati ya kaskazi, mwezi wa Januari, jasho likiwatiririka, wakikuambia kwamba joto hutolewa kwa joto. Wajukuu hawakubaliani nao. Mkaza mjomba aliona watoto wakiikimbia kahawa na kukimbilia soda, akaamua kuitafutia njia ya kuwafikia. Njia yenyewe ikawa ukwaju, kwa sababu hakuna mtoto wa pwani ambaye hajawahi kunyonya barafu ya ukwaju hadi midomo ikafa ganzi.

Niseme mapema kwamba kuweka tunda kwenye kahawa si wazimu. Buni yenyewe ni mbegu ya tunda. Linaiva jekundu, lina nyama nyembamba yenye utamu, na ndani yake kwa kawaida mna mbegu mbili zilizobanana mgongo kwa nje na tumbo kwa tumbo. Kahawa ya milima ya Kenya inasifiwa duniani kwa uchachu wake wa matunda, hasa ile ya aina ya SL28, mbegu iliyochaguliwa miaka ya 1930 katika maabara ya kilimo ya Scott, ambako ndiko zilikotoka herufi hizo mbili. Sisi huku hatuuonji uchachu huo kwa sababu buni ya kahawa tungu hukaangwa hadi iwe nyeusi ti. Silaumu. Kahawa tungu inautaka weusi huo, bila huo tangawizi ingeimeza. Lakini ukitaka kahawa izungumze na ukwaju, lazima uiache na sauti yake.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kaango.

Buni hutoka bara. Arabika inataka mwinuko na usiku wa baridi, vitu ambavyo Malindi haina. Lakini miche ya kwanza kupandwa Kenya ilipandwa upande wetu huu, Bura katika milima ya Taita, mwaka 1893, na mapadre wa Kifaransa. Kinywaji chenyewe kilitangulia kwa njia nyingine, kwa majahazi ya Waarabu, na kikashuka bandarini na majina yake: kahawa, buni, finjani. Leo anayetaka buni mbichi hununua kwa mtu wa bara na kuzichambua mwenyewe. Mkaza mjomba huzimwaga kwenye ungo na kuondoa zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na zilizo nyeusi. Huzichambua kama mchele wa pilau ya harusi, na hakuna wa kumharakisha.

Kaango ni la chuma, zito, na moto ni wa makaa yaliyokwisha kushika jivu. Anageuza kwa mwiko bila kusimama. Buni za kijani zinageuka rangi ya nyasi kavu, na jiko linanuka kama shamba lililonyeshewa baada ya ukame. Kisha inakuja harufu ya mkate. Hapo anaacha kuzungumza na mtu. Anasikiliza. Punje ya kwanza inalia, ta!, kama bisi, halafu nyingine, halafu zote kwa pamoja. Milio ikianza kupungua, wakati ambapo mkaangaji wa kahawa tungu angeongeza makaa na kungoja milio ya pili iliyo laini zaidi, mafuta yakianza kung'aa juu ya punje, yeye anainua kaango na kumwaga kwenye ungo. Anapepeta. Maganda membamba yanaruka uani kama mbawa za kumbikumbi. Buni zimebaki rangi ya gamba la ukwaju, na yeye ndiye aliyenionyesha ufanano huo. Alichukua punje moja, akaiweka kando ya ukwaju usiomenywa, akanitazama tu.

Haitwangwi siku hiyo. Buni iliyotoka motoni imejaa hewa, na ukiitia maji mapema itafura povu badala ya kutoa ladha. Inalala usiku mmoja, na kesho yake inaingia kinuni. Hapa tena anazuia mkono. Kahawa ya dele hutwangwa ikawa unga, lakini hii anaitaka iwe chenga, kama zile chenga za mchele tunazopikia vitumbua. Anatwanga kidogo, anachekecha, anarudisha zilizo kubwa kinuni. Vumbi linalopita kwenye chekecheke halitupwi. Linawekwa kwenye mkebe wa mjomba, naye hupika kahawa yake tungu kwa hilo na hajawahi kulalamika.

Kulowekwa ndiko kazi kubwa, ingawa hakuna anayefanya chochote. Kipimo chake ni kikombe kimoja cha chenga kwa vikombe vitatu vya maji. Nilipoleta mizani yangu ya jikoni kutoka Kilifi, nilipata gramu 85 hivi kwa maji ya mililita 700, yaani karibu moja kwa nane, kipimo kile kile wanachokitaja wauza kahawa wa Nairobi wenye vyombo vya maelfu. Maji ni baridi tangu mwanzo. Maji moto hung'oa kila kitu kwa pupa, kizuri na kibaya. Ya baridi huchukua harufu na utamu polepole, na ukali mwingi huuacha kwenye machicha. Analoweka baada ya kuswali isha na kuchuja baada ya alfajiri, yapata muda wa saa tisa. Msimu wa kusi, usiku ukiwa na ubaridi, anaongeza saa mbili tatu. Akiweka kwenye friji huacha hadi adhuhuri. Nilimuuliza anajuaje kwamba imetosha. Akachovya kijiko, akakipandisha kwenye mwanga wa dirisha, kahawa ikawa nyekundu pembeni kama chai ya rangi iliyokolea. "Ikiwa nyeusi pande zote, umechelewa," akasema.

Ukwaju una tabu zake pia, ila ni tabu tunazozijua. Nusu kilo inalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja, kisha vidole vinaingia na kutenganisha nyama na mbegu na ile mishipa migumu. Inapitishwa kwenye chungio, inatiwa sukari na punje mbili za iliki zilizopondwa, inabandikwa kwenye moto mdogo. Anachotafuta ni shira. Wapishi wa kaimati wanajua jambo hili kuliko mimi: shira ina dakika yake. Ikiwa nyepesi, itapotea ndani ya kahawa. Ikiwa nzito, itaganda chini ya glasi kama gundi na barafu haitaifungua. Anadondosha tone kwenye sahani na kuinamisha. Tone likikimbia, bado. Likitambaa kama konokono, anaepua. Kabla haijapoa anatia chumvi kidogo, ile ya mashamba ya chumvi ya Gongoni, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Chumvi hiyo huisikii mdomoni. Inachofanya ni kuushusha uchungu wa kahawa ili uchachu usikike. Tangawizi hatii. Tangawizi, kwa hukumu yake, ni ya kahawa ya moto na ya kikohozi.

Embe lina sheria nyingine kabisa. Halipikwi, kwa sababu embe lililopikwa linakuwa achari au jamu, na harufu yake ya juu inakimbia na mvuke. Anataka ngowe, lile refu lenye pua iliyopinda, kwa kuwa nyama yake ni ya rangi ya machungwa na karibu haina nyuzi. Dodo ni tamu, lakini nyuzi zake zitabaki kwenye meno. Ngowe lililoiva juu ya mti, lisilovumbikwa, linamenywa na kupitishwa kwenye chungio kwa mgongo wa kijiko. Mashine ya kusagia anayo na haitumii kwa kazi hii, kwa sababu inaingiza hewa, na embe lenye povu linaelea juu ya kahawa kama sabuni. Pasheni pia amejaribu. Ameikubali kwa sharti kwamba mbegu zisisagwe, zichujwe nzima. Mapera aliyakataa.

Hapa nikiri langu. Mwaka mmoja kabla ya kukaa kwenye ile mbuzi, nilikunywa kahawa ya embe katika hoteli moja ya ufuoni. Iliyoletwa ilikuwa kahawa ya unga iliyokorogwa na kitu cha rangi ya njano kutoka kwenye chupa, kitu ambacho hakijawahi kulala chini ya mwembe, na bei yake ingeninunulia debe la maembe yenyewe. Nikaapa kutengeneza ya kwangu. Nyumbani kwangu Kilifi, upande wa Mnarani, nilichemsha kahawa, nikaimimina ikitokota juu ya vipande vitano vya barafu, nikatia embe lililosagwa, na kwa kuwa wageni walikuwa wanatazama, nikamalizia kwa maziwa. Barafu ililia mara moja ikatoweka. Maziwa yakakatika. Juu pakaelea vijidonge vyeupe, chini pakatuama maji ya rangi ya mto Sabaki wakati wa mafuriko. Wageni walikunywa, maana wageni wa pwani wana adabu, na hakuna aliyeomba ya pili.

Makosa yale yana hesabu yake, na niliifanya baadaye kwa hasira. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunameza joto la jouli 334, na kupoza gramu moja ya maji kwa digrii moja kunataka jouli 4.2 hivi. Ukipiga hesabu, kahawa ya digrii 90 ikishushwa hadi digrii 5 inataka barafu ya uzito sawa na wake. Vipande vyangu vitano vilikuwa sadaka. Anayelazimika kutumia kahawa ya moto, na wapo wasio na usiku mzima wa kungoja, apike kahawa kali kwa nusu ya maji, ile nusu nyingine iwe ndiyo barafu. Mjomba alipokuwa mpishi katika nyumba ya Waitaliano, alipewa birika la moka lenye mkono uliovunjika, na hilo linafaa sana kwa njia hii. Waitaliano wamejaa Malindi tangu enzi za San Marco, kile kituo cha kurushia roketi kilichojengwa baharini Ngomeni miaka ya 1960, na moka zao zimeenea kwenye majiko ya mji. Chombo hicho kilibuniwa Italia mwaka 1933 na kupewa jina la Mokha, bandari ya Yemen. Kwa hiyo kimezunguka Ulaya nzima kikaja kupumzika kwenye pwani ambayo majahazi ya Yemen yaliizoea karne nyingi kabla yake.

Maziwa nayo hayana dawa. Kaseini, protini kuu ya maziwa, huganda ukali ukifika pH 4.6, na ukwaju uko mbali chini ya hapo, karibu 3. Unaweza kubembeleza, unaweza kukoroga, yatakatika tu.

Wenzetu wengine walishagundua kwamba kahawa baridi na tunda kali zinapatana bila maziwa. Ureno wana kahawa ya barafu yenye limau wanayoiita mazagran, na jina hilo ni la ngome ya Algeria ambako askari wa Kifaransa walizingirwa mwaka 1840. Inasimuliwa kwamba walirudi kwao na mazoea ya kunywa kahawa iliyotiwa maji baridi. Ninacheka nikikumbuka kwamba Vasco da Gama alipita hapa Aprili 1498, na shajara ya safari yake inasema kwamba Mombasa aliletewa machungwa, ndimu na miwa. Matunda alipewa. Kahawa tu ndiyo haikutajwa.

Turudi jikoni, maana nimefikia jambo ambalo kwangu ndilo upeo wa ufundi wake, na ni barafu. Barafu ya maji ikiyeyuka inaiba. Dakika kumi za mazungumzo na kinywaji kimekuwa maji ya kusuuzia kikombe. Mkaza mjomba anagandisha maji ya dafu. Yakiyeyuka, kahawa haipungui, inabadilika tu: mwanzo ni chungu na chachu, katikati inakuja ladha ya dafu, mwisho wa glasi unakunywa kitu kingine kabisa na hukumbuki kilibadilika lini. Na si dafu lolote. Mnazi una ngazi zake, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na yeye anataka dafu ambalo nyama yake ndiyo kwanza inashika, laini ya kukwanguliwa kwa kijiko. Kitale maji yake hayajapata utamu, na koroma yameanza kuupoteza. Anamwambia mkwezi kabla hajapanda, kisha akishuka anayatikisa madafu sikioni moja moja. Lililojaa halilii. Likicheza maji ndani, limeshapita, linakwenda kwenye kapu la nazi za kupikia.

Stima ikipotea usiku, na Malindi hupotea, barafu inalainika na kuganda upya ikiwa na ukungu mweupe ndani. Anaitupa kwenye mtungi wa maji ya kunywa na kuanza upya. Nimeona mtu akiahirisha wageni kwa ajili ya barafu.

Kuunganisha kunachukua nusu dakika. Kijiko kimoja na nusu cha shira chini ya glasi. Barafu hadi juu. Kijiko kinageuzwa mgongo, kinagusishwa barafu ya juu, na kahawa inamiminwa taratibu juu ya mgongo huo ili isivuruge chini. Inasimama hivyo, hudhurungi juu, nyekundu iliyoiva chini, na katikati ukungu mwembamba pale zinapoanza kujuana. Hakorogi. Anakuachia kijiko ukoroge mwenyewe kadiri unavyotaka, kwa sababu, anasema, hajui ulimi wako umekula nini leo.

Mjomba alikuwa barazani na kikombe chake cha moto, kilichopikwa kwa vumbi la kinu. Akaletewa glasi. Akainywa yote bila kuiweka chini, akapangusa ndevu, akatoa hukumu: "Hii si kahawa. Hii ni sharubati." Mkewe akachukua glasi tupu akaingia ndani, na niliposikia mlio wa barafu nikajua anaijaza tena.

Ukitaka ya kesho mchana, loweka leo baada ya isha. Maziwa yaache kwenye chai.